Maharagwe ya Ikulu

Bula Pesa, Isiolo
6 Machi 2022

Dada yangu Isnino,

Asalaam aleikum. Huku tuko salama. Goti langu la kushoto linakusalimu. La kulia limejiuzulu kazi tangu Ijumaa. Bisharo naye anakusalimu, na anasema nikuambie kwamba kaka yako anakula kama bwana arusi na kufanya kazi kama maiti. Nimeishi na mdomo huo miaka arobaini, Mungu ananiandikia thawabu.

Wana-kondoo wako walifika. Nakuhakikishia sasa hivi hakuna wanono kama hao Isiolo nzima. Jana gari la mnunuzi wa Nairobi lilisimama nje ya boma langu, mwenyewe akashuka, akashika kiuno, akaniuliza, "Mzee, hawa ni kondoo au ni matanki ya maji?"

Haya, huo ni uongo. Gari lilisimama kwa sababu dereva alitaka kukojoa. Wana-kondoo wako walishuka kwenye lori la Doyo nikadhani ameniletea magunia matupu yenye kwato. Mmoja alikuwa chini, wenzake wamemkanyaga njia nzima, huyo hata Sericho nadhani aliondoka akiwa na nusu roho. Wamebaki kumi na wawili. Wanakohoa usiku kucha kama wazee msikitini.

Lakini mpango ni ule ule, na nauandika usije ukasema nilisikia vibaya. Nawanenepesha mpaka Idd ya kuchinja. Nawauza. Nakununulia mbuzi wawili wa maziwa, Doyo anakuletea, Abdighani anakunywa. Tangu binti yako afe akimzaa, Mungu amrehemu, mtoto huyo amelelewa na maziwa ya kondoo wako, na sasa mama kondoo wote wamelala huko malishoni na mifupa yao. Mjukuu wa miaka miwili hawezi kuishi kwa chai ya rangi. Hata mimi siwezi, nami nimeishi kwa mengi.

Nimepiga simu yako mpaka yule mwanamke wa "hapatikani" amenizoea kama shemeji. Wakitengeneza mnara wenu utaniambia. Kwa sasa ni Doyo na bahasha.

Kaka yako,
Samatar


Sericho
19 Machi 2022

Aboowe, kaka yangu Samatar,

Wa aleikum salaam. Tumepata barua, na sukari, na majani ya chai. Doyo anasema ulimpa pia biskuti. Kama ulimpa, alizila, maana hapa zilifika harufu tu.

Hapa tuko. Mvua hakuna. Gari la maji lilikuja mara moja, tukapigana na ndoo. Mama Tache, yule jirani yangu, amepoteza ng'ombe wa mwisho. Alikaa karibu naye mpaka jioni akimfukuzia nzi, ng'ombe amekufa tangu asubuhi. Nikamwambia ainuke, akainuka.

Msaada umekuja: mahindi, maharagwe, mafuta kidogo. Mahindi tunasaga. Maharagwe yako pale kwenye kona. Yanataka kuchemka tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na mtu atoe wapi kuni na maji hayo? Halafu huku wanasema humvimbisha mtoto tumbo. Abdighani anakula ugali na chai. Anatembea, anaanguka, anainuka, anamtukana mbwa.

Walinde kondoo. Usiwauze mapema kwa sababu umeona shati zuri sokoni. Nakujua.

Isnino


Bula Pesa, Isiolo
4 Aprili 2022

Isnino, dada mkali,

Salaam nyingi. Leo ni siku ya pili ya kufunga na tayari nimemkasirikia kila mtu mwenye meno. Bisharo mzima. Goti limerudi kazini, nusu siku.

Sasa nisikilize. Tangu wafike nimewalisha mahindi yaliyosagwa na majani makavu, na mikia imejaa. Unajua baba alivyotufundisha: unapitisha kiganja chini ya mkia wa kondoo, unaupima, ukijaza mkono huyo amenona, mambo yameisha. Basi nilimwita Mwongera, yule Mmeru anayenunua kondoo wa kupeleka Nairobi. Nikamwambia ashike mkia. Hakushika. Alitoa mizani, ya kuning'iniza, na kitambaa cha kumfunga kondoo tumboni. Siku hizi hawanunui kwa kiganja, wananunua kwa kilo.

"Mzee," akasema, "huyu ni mkia uliotembelewa na kondoo."

Nikamwambia mizani yake ina majini. Akaning'inia yeye mwenyewe, ikasoma sawasawa.

Nikaenda kwa Wanja. Wanja ni mama wa kutoka Nyeri mwenye duka la vyakula vya mifugo karibu na steji, mwanamke asiyecheka bure. Nilimweleza. Akaniuliza nawapa nini, nikasema mahindi. Na nini tena? Nikasema mahindi mengine.

"Mzee Samatar," akasema, "mahindi yanaweka mafuta. Hayajengi nyama wala mfupa. Mwana-kondoo bado anakua, anataka protini. Bila hiyo atajaza mkia na abaki mfupi vile alivyokuja."

"Protini ndiyo nini?"

"Mashudu ya pamba. Soya. Jamii ya kunde, maharagwe."

Bei ya mashudu ilinifanya nifungue saumu kwa mshtuko. Lakini neno la mwisho lilibaki sikioni. Maharagwe! Si umesema yako kwenye kona? Nitumie, na ya Mama Tache kama hayataki, na ya yeyote mwingine anayeyakalia kama kiti. Mimi kuni ninazo, kwa fundi seremala wanatupa mabaki. Wanja anasema lazima yachemshwe vizuri, mabichi yana sumu.

Mkia mnono usio na kondoo hautanunua mbuzi wa maziwa. Harakisha.

Samatar


Sericho
20 Aprili 2022

Aboowe,

Nimetuma magunia mawili. Moja langu, lingine nimekusanya kwa akina Mama Tache na majirani. Walicheka wakasema kaka yako wa mjini amefilisika mpaka anaomba maharagwe ya msaada. Nikasema ndiyo.

Abdighani yuko. Hasumbui siku hizi. Zamani ukimnyima kitu alikuwa analia mpaka mbuzi wa kijiji wanakimbia, sasa anakaa kivulini ametulia, anaangalia. Anakua mtu mzima, nadhani.

Saumu naendelea nayo. Haina tofauti kubwa na siku nyingine.

Idd iko mbali kiasi gani kwa kondoo wako?

Isnino


Bula Pesa, Isiolo
26 Mei 2022

Dada,

Salaam, na Idd iliyopita njema. Sikukuandikia mapema kwa sababu nimekuwa profesa na maprofesa hawana nafasi.

Maharagwe yalipofika niliwagawa wana-kondoo vyumba vitatu, wanne wanne. Chumba cha kwanza nimekiita Jela: mahindi tu, kama mwanzo. Cha pili Hoteli: mahindi, na kwa kila debe nachanganya bakuli kadhaa za maharagwe yaliyochemshwa. Cha tatu Ikulu: maharagwe nusu kwa nusu, wale mpaka wachoke. Wanja alisema nisiwamwagie wote kwa pamoja bila kujua kiasi gani kinatosha. Nikasema mimi nilisoma mpaka darasa la nne, najua kujaribu.

Wiki tano zimepita. Mwongera amekuja na mizani yake. Jela wameongeza kilo moja tu kila mmoja, na mikia yao bado ni mizuri kweli, ukiwaona kwa nyuma utawapa kura. Hoteli wameongeza kilo nne. Miguu imerefuka, mgongo umepanuka, wamekuwa wakorofi, mmoja ameniangusha nikiwa na kanzu ya Ijumaa. Sasa ngoja Ikulu. Nilitarajia nane. Wameongeza nne na kidogo, ile kidogo ni kama uzito wa kiatu.

Nikamuuliza Wanja yale maharagwe mengine yameenda wapi. Akaja, akainama mlangoni mwa Ikulu, akaziba pua. Kile chumba kinatoa harufu ya choo cha steji, macho yanawasha. "Umeyaona yalikoenda," akasema. Anasema mwili wa kondoo ukishapata protini ya kutosha, inayozidi inatoka na mkojo. Kwa hiyo gunia zima, dada yangu, tumelikojoa mchangani. Nilicheka mpaka goti likauma. Hata Ikulu halisi haijawahi kuwa wazi namna hiyo.

Sasa wote wanane ni Hoteli, na Jela nimewaacha kidogo ili Mwongera aone tofauti. Kama yako maharagwe mengine, tuma. Mbuzi wa maziwa nimeshawaona, wako kwa Wario wa Gotu, wana viwele kama ndoo.

Mjukuu anasemaje? Umeandika machache juu yake. Nimempelekea viatu vyekundu, vikubwa kidogo, atavifuata.

Samatar


Sericho
9 Juni 2022

Aboowe,

Salaam aleikum. Salimia Bisharo, mwambie nimepokea leso. Mama Tache anakusalimu. Mzee wa mlango wa tatu alikufa, na mke wake baada yake. Maji yanakuja kwa gari, wiki hii mara mbili.

Umeuliza habari za Abdighani. Amenona. Uso umekuwa mviringo kama wa baba yetu, mashavu yamejaa, miguu nayo imejaa mpaka inang'aa. Viatu ulivyosema ni vikubwa vimembana. Nywele zimegeuka nyekundu nyekundu, Mama Tache anasema ni damu ya babu yetu yule aliyekuja na jeshi la Mzungu kutoka Berbera, si ndevu zake zilikuwa nyekundu? Nikamwambia zile zilikuwa hina. Amekuwa mzito, hapendi kushuka mgongoni. Analala sana.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Usiuze kabla ya Idd.

Nimetuma maharagwe, debe moja tu safari hii.

Isnino


Bula Pesa, Isiolo
15 Juni 2022

Isnino,

Barua yako nilipewa leo asubuhi na kijana wa Doyo. Sina salamu, soma haraka.

Niliisoma nikiwa dukani kwa Wanja. Nilimsomea kwa sauti, nimlinganishie mjukuu wangu na kondoo, nimwambie sisi hata watoto wetu tunawanenepesha kwa bure. Alikuwa anapima pumba. Akaacha kijiko ndani ya gunia.

"Soma tena pale pa nywele."

Nikasoma.

"Anakula nini huyo mtoto?"

"Ugali. Chai."

"Na nini tena?"

Isnino, swali hilo hilo aliwahi kuniuliza juu ya kondoo.

Alisema yeye alikuwa na mdogo wake, miaka ya njaa kule kwao, wakimsifu kwa unene. Kasema hivi: mbonyeze Abdighani mguuni kwa kidole gumba, juu ya kifundo, uhesabu taratibu mpaka tano, halafu uachie. Kama shimo linabaki, si nyama. Ni maji. Mbebe zahanati saa hiyo hiyo, usingoje jua lishuke, usingoje mimi, usingoje Idd. Usimpe chakula kingi kwa mkupuo, wao wana maziwa yao maalum ya kuanzia, wanajua kiasi.

Nimejaribu simu ya chifu wenu tangu asubuhi. Nilitaka kupanda lori mimi mwenyewe, Doyo akakataa, anasema nikifia njiani atakosa pa kuniweka, amejaza unga. Anaondoka kesho alfajiri. Ndani ya mzigo kuna maziwa ya unga, mayai yamefungwa kwenye pumba, na maharagwe yote yaliyobaki, nimeyachemsha nikayaanika, hayatataka kuni nyingi. Ni gunia lisilofika nusu. Lile lingine usiniulize.

Nimeuza wawili leo kwa Mwongera. Najua ulisema nisiuze.

Mbonyeze mguu.

Samatar


Bula Pesa, Isiolo
24 Juni 2022

Dada,

Naandika kwa gari la walimu, wanasema watafika Sericho Jumapili. Nimeambiwa lori la Doyo lilikatika springi karibu na Garbatulla likakaa. Sijui kama mzigo umefika au mayai yanaanguliwa njiani.

Wanja ananiuliza kila asubuhi. Nafungua duka naye siku hizi, Bisharo amenuna, anadhani nataka mke wa Nyeri. Nimemwacha adhani.

Kondoo sijawaangalia sana. Wa Jela walinitazama jana kwa zile nyuso zao, nikafunga mlango.

Andika neno moja. Ukitaka nitukane, lakini andika.

Samatar


Sericho
27 Juni 2022

Aboowe Samatar,

Wa aleikum salaam wa rahmatullah. Barua zako mbili zimefika, moja Ijumaa na Doyo, nyingine jana na walimu. Mayai manne yalivunjika. Mama Tache anakusalimu. Mvua hakuna.

Abdighani alizikwa Jumanne, siku tatu kabla ya Doyo kufika. Nilimpeleka zahanati Jumapili, kabla hujaniambia. Muuguzi alimbonyeza mguu vilevile ulivyoandika. Alimpa yale maziwa kwa kijiko, usiku na mchana, hakulala yule binti, usimsikie mtu akimsema vibaya. Aliniambia tu ningekuja mwezi mmoja nyuma.

Sasa nikuambie ambalo sikuandika. Mimi nilijua. Sikujua jina lake, lakini nimelea watoto sita, najua mtoto mnono anavyolia, na huyu alikuwa halii. Nilikuandikia amenona ili usiogope ukauza kondoo kabla ya wakati, tukapata mbuzi mmoja badala ya wawili. Nilikuwa naitazama Idd. Nilisema afike tu Idd.

Kwa hiyo usijipige kifua, hukuwa peke yako.

Ile barua yako ya Ikulu nimeichoma. Si kwa hasira. Nilitaka kuwasha moto wa kuchemsha maharagwe.

Viatu nimempa mtoto wa jirani. Usitume vingine. Na mbuzi usitume, watakufa njiani, tena sina wa kumkamulia.

Isnino


Bula Pesa, Isiolo
13 Julai 2022

Isnino, dada yangu,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Tulimsomea hapa, msikiti ulijaa, hata watu wanaonidai heshima walikuja. Wanja alikaa nje kwenye benchi kwa sababu ya dini yake, akakaa mpaka mwisho. Imamu alimwombea Abdighani vizuri. Kwa mara ya kwanza sikumsahihisha.

Idd imepita. Kondoo wa Hoteli na wa Ikulu wameuzwa wote, watu wa Nairobi waliwasifu, mmoja aliniuliza siri yangu ni nini. Mimi, mtu wa maneno mengi unavyonijua, nilimwambia akamuulize Mwongera, nikaingia ndani.

Wanne wa Jela hawakutakikana kwenye mizani, na sikuwasukuma. Nawalisha matunda ya mgunga sasa, Wanja anasema nayo yana ile protini, na hayamnyimi mtu. Wameanza kurefuka miguu. Wamechelewa, hawatakuwa wakubwa kamwe, lakini wanapigana vichwa asubuhi.

Kuhusu uliyoniambia, kwamba ulijua. Nami ninalo la kujibu na sitaliandika, kwa sababu ukilisoma utasema linafanana na lako, tutabaki tunagombania nani alaumiwe zaidi kama tulivyokuwa tunagombania kichwa cha mbuzi utotoni. Acha tuwe nalo, kila mtu upande wake.

Mbuzi nimetuma. Najua ulisema nisitume. Ni mmoja, mweupe mwenye sikio lililopasuka, Wario anasema ni mkorofi lakini anatoa maziwa hata ukimlisha magazeti. Doyo anamlaza karibu na dirisha lake, nimemwapisha.

Bisharo alisoma barua zako zote tena jana, kwa mpangilio. Akaniuliza swali moja. Aliuliza, "Huyu Isnino yeye anakula nini?" Nikatafuta. Umeandika juu ya mtoto, na ng'ombe wa Mama Tache, na mbwa. Hakuna mahali umeandika umekula kitu.

Sasa mimi nimechunga kondoo wako tangu Machi. Kwa desturi yetu mchungaji akimaliza hupewa mwana-kondoo mmoja jike achague mwenyewe. Sijachagua, na sitachagua. Badala yake nataka kitu kidogo, na ni haki yangu, hunipi kwa huruma. Doyo akimshusha huyo mbuzi, mkamue hapo hapo, kikombe kimoja, usimpe Mama Tache, usimpe mtoto wa jirani. Kunywa wewe, mpaka chini, Doyo akiwa amesimama anakuangalia. Nimemwambia asiwashe lori mpaka amalize kuona, halafu aje anieleze mimi.

Samatar